Ngoma ya Mama Nthenya Ndani ya App

Alhamisi, 6 Machi
Niaje, diary yangu, Mdaku wangu! Leo nimeaminiwa. Bi Kathini, msimamizi wa makumbusho yetu hapa Kwa Vonza, chumba kimoja nyuma ya posho mill lakini na heshima zake, amenipa mpaka Jumatatu. Watu mia mbili wakidownload app yangu ya kuonyesha vitu vya makumbusho, kazi ya mtandao ni yangu. Wasipofika, anampa Wamaitha, yule wa kutoka Salama. Wamaitha! Mtu wa kupost picha ya kibuyu na "good morning". Anasema ati app yangu hata mbuzi ya Tseikuru haiwezi fungua. Nimecheka. Kwa uchungu.

Ijumaa, 7 Machi
Watu kumi na moja. Wanne ni ndugu zangu. Lakini kichwa inachemka! Nimeweka sauti. Ukigusa picha ya ngoma ya kilumi, ile nyanya zetu walikuwa wanacheza mpaka pepo zinapanda, inalia. Ngoma yenyewe aliileta makumbusho Mama Nthenya siku ile aliokoka. Alisema ikae mbali na yeye, akiisikia mabega hayamtii.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Pastor Mbaluka app iko na nyimbo za ibada. Haikuwa nazo. Nimeziweka nikitoka kwake. Akatangaza kwa group ya kanisa. Kufika jioni, watu 206! Sasa wasinitoroke: nimeset ngoma ilie kila Jumapili saa tano, kuwakumbusha kufungua app, hata simu ikiwa silent. Saa tano kila mtu amekaa tu, hana kazi. Akili hii sikufunzwa na mtu!

Jumapili, 9 Machi
Eish. Pastor alikuwa anahubiri juu ya kuacha mambo ya kale. Saa tano kamili, handbag zote zikalia. Mifuko ya mashemasi ikalia. Simu ya pastor ikalia juu ya Biblia. Mama Nthenya, miaka sabini na nne, kiti ya mbele, akaita Bwana kwa Kikamba, "Mwiai!" Bega moja ikaenda. Ya pili ikafuata. Mutindi wa kwaya akaenda kumshika, akaanza pia yeye. Pastor akauliza ni nani ameleta pepo na bundles. Nikaangalia viatu zangu. Kufika saa nane, kwa app wamebaki watu saba.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Nthenya amekuja na boda. Nikajua nachapwa. Kumbe amefuata ngoma yake! Akamwambia Bi Kathini mgongo umemsumbua miaka tisa na jana umenyamaza, na yeye na Mungu wanaelewana. Akafunga ngoma nyuma ya boda, huyo. Kwa ukuta kumebaki msumari. Bi Kathini akaniambia, pole pole, kijana yangu, mpatie Wamaitha password. Nimempatia. Wamaitha akacheka mpaka akakohoa.

Sijali. Kosa nimeiona: kanisa ilikuwa ndogo. Jumamosi ni mazishi ya mzee Kiilu. Watu mia nne, simu mia nne, wote wamekaa. App yangu mpya iko karibu kuisha, na hii iko na pembe ya vita. Sema ukweli: nafasi kama hiyo, wewe ungefanya nini?