Nazi Iliyokuwa kwa Fundi

Alhamisi, 8 Februari

Clotilde, ikiwa umefungua tena daftari hili kwa kisingizio cha kutafuta kiberiti, lifunge urudi kwako ng'ambo ya barabara. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, huna hata haya.

Mdogo wangu Leontine amepiga simu kutoka Detroit. Anakuja kesho kwa sikukuu ya magwaride, Mardi Gras yake ya kwanza hapa New Orleans tangu aolewe. Eti anataka kuona vitu viwili tu: mji, na nazi yangu.

Sina nazi.

Nilimwambia ninayo miaka ishirini na miwili iliyopita. Alikuwa ananisimulia nyumba yake mpya yenye vyoo viwili. Mimi niliacha shule darasa la sita nikafue mashuka ya hoteli ili yeye amalize, kisha ananihesabia vyoo. Nikamwambia mwaka huu nimepewa nazi ya Mardi Gras, ile iliyopakwa rangi inayogombewa na mji mzima, mkononi, kutoka juu ya gari la gwaride. Akaacha kuhesabu vyoo. Raha niliyoisikia! Tangu siku hiyo nimekuwa nikiongeza kidogo kila mwaka. Sasa ni nyeusi, ina pambo la dhahabu na herufi O ya Odile.

Clotilde anazo tatu, kazipanga juu ya televisheni kama vikombe vya mpira. Nimekwenda kumwomba moja kwa siku tano. Nikasema nataka kumsaidia kuifuta vumbi. Akajibu nazi zake hazina vumbi. Mchoyo.

Nimenunua nazi dukani.

Ijumaa, 9 Februari

Rangi haishiki kwenye nyuzi za nazi. Nimeinyoa kwa wembe wa marehemu mume wangu Alcide. Nimeipaka rangi ya viatu, nikainyunyizia vimetameta, nikaitia kwenye oveni ikauke.

Imepasuka. Mwanangu Lucien alitoka bafuni mbio na taulo akidhani tumevamiwa. Nikamwambia napika pudingi. Akauliza pudingi gani inanuka kiwi. Ana miaka hamsini na miwili na bado anauliza maswali.

Leontine kafika jioni. Hata koti hajavua, macho tayari kwenye kabati la vyombo. Nikamwambia nazi iko kwa fundi, inapigwa rangi upya. Kasema, "Kuna fundi wa nazi, dada?" Nikamwambia mji huu una fundi wa kila kitu, Detroit ndiko mnakotupa vitu.

Jumamosi, 10 Februari

Mpango wa leo: kumtembeza mpaka miguu ivimbe, asikumbuke nazi.

Shida ni kwamba mji wa wageni sijaukanyaga tangu nilipoacha kazi hotelini. Tumepanda tramu, ikatupeleka upande tusioukusudia mpaka mwisho wa reli. Nikamwambia ndicho nilichotaka aone, mwisho wa reli. Kaupiga picha. Tumepanga foleni saa nzima tukale maandazi yaliyomwagiwa sukari ya unga. Nilipiga chafya, koti lake jeusi likawa jeupe. Kasema haidhuru. Leontine akisema haidhuru, ujue anaandika moyoni.

Makaburini tumemkuta kijana mwenye mwavuli wa njano anawadanganya wageni kwamba kaburi fulani ni la malkia wa maharamia. Nikamwambia mwanangu acha uongo, hapo kalala muuza mkaa aliyeoa dada wawili, na hao dada ndio waliomlaza. Kaburi lenyewe silijui. Watu wanane wameuacha mwavuli wakanifuata mimi. Nimewapa mauaji mawili na bibi harusi mmoja, bure.

Leontine alisikiliza yote mpaka mwisho. Kasema, "Dada, wewe ukisema kitu, mtu hukiona kwa macho." Nikamshukuru.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya kanisa Clotilde kaja na keki ya mfalme. Hakuitwa. Nikapata kipande changu, nikauma, nikahisi kitu kigumu: kitoto cha plastiki kinachofichwa humo. Anayekipata ndiye anayenunua keki inayofuata, na mimi kumnunulia Clotilde keki sitaki. Nikakificha shavuni.

Hapo hapo Leontine akamuuliza Clotilde kama huyo fundi anayepaka nazi yangu ni hodari.

"Nazi?" kasema Clotilde. "Nazi gani? Ya Odile?"

Wote wawili wakanigeukia. Nami nina mtoto mdomoni. Nikasema, "Mmh." Clotilde akauliza mmh ndiyo au mmh hapana. Nikasema, "Mmh." Kitoto kikaanza safari ya kooni. Nikakimbilia bafuni.

Niliporudi nimekuta wamesogeza viti karibu, wanafuta machozi kwa kucheka. Nikauliza kuna nini. Wakasema wanazungumza habari za nywele.

Nimeponea chupuchupu.

Jumatatu, 12 Februari

Nimemwambia Leontine fundi kasafiri na ufunguo. Kasema mafundi ndivyo walivyo.

Sasa nazi lazima ipatikane kesho, ya kweli. Nazi hairushwi kutoka garini kama shanga, mtu hukabidhiwa mkononi, na mkono wenyewe humtafuta wa kumhurumia. Nimemwamuru Lucien atoe bandani kiti cha magurudumu cha baba yake. Nimefunga bendeji mguu wa kulia. Leontine atanisukuma. Nimemwambia nataka nazi ya pili, moja peke yake kabatini haipendezi.

Akauliza mguu umepata nini. Nikasema umri.

Jumanne, 13 Februari. Mardi Gras

Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye nyasi za katikati ya barabara, mahali petu pa siku zote, karibu na ngazi ambayo Lucien huipanda ili aone gwaride. Blanketi magotini, kilemba cha zambarau, uso wa mgonjwa. Watu wametupisha mpaka mbele kabisa. Mama mmoja kanipa paja la kuku.

Gari la nne likasimama mbele yetu. Juu yake jitu lenye manyoya kichwani likaniona, likainama, likaitoa nazi. Nyeusi. Pambo la dhahabu. Ilikuja polepole, nimeiona kila alama. Imebaki kama dhiraa moja nikauona mkono wenye bangili ukipita juu ya bega langu. Naujua mkono ule. Clotilde! Ana tatu, anataka ya nne!

Nikasimama. Sikukusudia. Nikaruka, nikaukamata mkono wa Clotilde, tukazunguka naye mara mbili kama wacheza dansi.

"Bibi kapona!" mtu akapiga kelele. Barabara nzima ikaangua kicheko. Bendi ikatupigia wimbo. Jitu lile likacheka mpaka manyoya yakamwanguka, kisha likanyoosha mkono likampa nazi yule aliyebaki kashika kiti kwa adabu.

Leontine.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Yeye karudi kwenye kiti, nazi mapajani, Lucien anasukuma. Nalala bila kula.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Leontine kaondoka asubuhi nikiwa kanisani, ndege yake ilikuwa ya mapema. Narudi na majivu usoni, nakuta nazi kabatini, nyeusi, pambo la dhahabu, katikati ya sahani zangu nzuri. Chini yake karatasi: "Dada, fundi kaileta. Kasema samahani kwa kuchelewa miaka yote hii."

Nimekaa chini kidogo. Macho yaliniwasha, majivu hayo.

Kisha nikaelewa. Leontine kaamini. Anadhani fundi yupo kweli! Msomi mzima, na mpaka leo hajui kitu. Na hiyo yake aliyopewa jana bila shaka kaondoka nayo.

Nimechukua rangi ya kucha nikaandika O. Nimempigia simu Clotilde aje aione, nikamwambia niliipata mwaka ule wa vyoo viwili. Kacheka mpaka simu ikakatika. Wivu.

Lucien, kiti cha baba yako kisirudi bandani. Kitie mafuta magurudumu, ukiweke barazani, na utafute kamba nene. Mwakani mtanifunga miguu yote miwili.