Ombi la Kuihamisha Ngome Inayosumbua Kibanda Changu cha Moshi

Kando ya Ngome ya Laronde,
Kaskazini mwa Saskatchewan,
Jumatatu, 9 Juni

Kwako Bwana Halloway, Mkuu wa Ofisi ya Kuhifadhi Ngome,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miwani yako ikiwa machoni, maana barua uliyoniletea inaonekana uliiandika bila kuivaa.

Umesema kibanda changu cha kukaushia ngozi kwa moshi kiondolewe kufikia Ijumaa, kwa kuwa hakimo kwenye mchoro wa ngome wa mwaka 1823 na "kinaharibu mandhari ya kihistoria." Nilimsomea mdogo wangu Clémence, ambaye yuko kitandani tangu Pasaka na daktari ametuambia tusitarajie afike vuli. Alicheka mpaka akakohoa. Kwa hilo nakushukuru kwa dhati. Shukrani zimeishia hapo, malalamiko ni haya:

1. Kibanda changu hakina uhusiano wowote na ngome yako. Hata kidogo! Wanawake wetu walikuwa wakikausha ngozi kwenye kona hii ya mto kabla mnunuzi wa kwanza wa manyoya hajashuka mtumbwini akiulizia pa kujisaidia. Aliyekuja nyuma ndiye anayesogea. Hata kanisani kwetu ndivyo tunavyokaa kwenye mabenchi.

2. Unasema moshi wangu unawakera wageni. Jamani! Mwezi uliopita si nyinyi mlioleta mashine ya kupuliza moshi ndani ya ghala la manyoya, ili wageni wapate harufu ya zamani? Mjukuu wangu Rosalie, anayekata tiketi pale mlangoni, anasema inanuka soksi mbichi. Juzi mama mmoja mgeni alitoka humo, akafuata pua yake mpaka kwangu, akasema, "Kumbe harufu yenyewe ndiyo hii, bibi!" Akakaa saa nzima. Hakukereka.

3. Yule bwana mliyemtoa Toronto aje kuigiza Mkrii, mtu wa kwetu, anayewinda biva, yule mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito. Ana joho jipya la manyoya na kila asubuhi analipiga brashi. Babu zetu walivaa ngozi za biva majira mawili ya baridi, manyoya yakigusa mwili, mpaka nywele ndefu zikapukutika na ngozi ikalainika kwa jasho. Na wanunuzi wa ngome hiyohiyo walizipenda hizo kuliko mpya. Nilimwambia, "Mwanangu, ukitaka kuwa babu yangu, lala na hilo joho mpaka mkeo akuhame." Akaniuliza kama linafulika.

4. Hapa sasa sitanii. Nina ngozi moja ya musi, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu. Clémence aliipara mwenyewe mwezi wa nne, kabla ya Pasaka, mikono yake ilipokuwa bado inamtii. Mimi nimeilainisha kwa ubongo wa mnyama, nimeikamua, sasa ni nyeupe na laini. Isipopata moshi wa msonobari uliooza, siku mbili bila kuachwa peke yake, mvua moja tu itaifanya ngumu kama ubao. Ni ya viatu vyake. Kwetu hatumsindikizi mtu kaburini na viatu vya zamani. Ameniambia, "Philo, visiponuka moshi, mama hatanitambua huko." Ngozi inaingia kibandani Alhamisi. Wewe unataka kuleta tingatinga Ijumaa. Nina uchungu, Bwana Halloway, na nina hasira, na sioni haya kukuambia.

Kwa sababu hizo naomba rasmi ngome ihamishwe. Hatua mia mbili kuelekea gatini zinatosha, ili harufu ya rangi yenu isiingie kwenye ngozi yangu. Wapwa zangu wana trekta. Mafundi nitawalisha mkate wa kikaangoni na supu ya samaki. Nawapa mpaka Ijumaa, kama mlivyonipa mimi.

Wasalimie mkeo, wanao, mafundi wa rangi, na bwana wa Toronto mwambie apunguze kuoga. Clémence naye anakusalimu.

Ni mimi jirani yako, ninayekuheshimu pale inapowezekana,

Philomène Desjarlais

N.B. Rosalie ameisoma barua kabla sijaifunga, akaniambia, "Bibi, mbona la magogo umelimeza?" Basi nalitapika. Mwaka 1963 askofu alikuwa anakuja, na meneja wa kampuni ya manyoya akaona aibu kwamba kuta za ngome zimekuwa nyeusi. Akamwagiza marehemu mume wangu Isidore aweke magogo mapya meupe, ya zamani ayatupe mtoni. Isidore hakuwa mtu wa kutupa mti mkavu. Kwa magogo hayo ya zamani alinijengea kibanda. Ule ukuta mliouwekea kioo na kibao kinachosema ni wa mwaka 1821 aliuchonga yeye, mimi nikiwa na mimba ya mama yake Rosalie. Ngome yenyewe iko kwangu, imekaa kwenye moshi miaka yote hii, ndiyo maana mdudu hajaigusa. Kwa hiyo ombi langu nalifuta lote. Ngome isisogezwe hata hatua moja. Ukija Ijumaa kuiona, acha tingatinga barabarani, piga hodi, na usifungue mlango mpaka nikuambie, maana ngozi ya Clémence itakuwa ndani.