Kichaka cha Chai ya Maziwa

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu hadi saa nne. Nimekaa juu ya gunia nikiangalia chai ikitokea safu moja moja. Mke wangu Nyakerario alikuwa ameshachuma hadi mpaka wa jirani yetu Muchiri. Akauliza, Baba Kebaso, mikono yako iko likizo? Nikamwambia nafikiria. Akasema hicho ndicho anachoogopa.

Ijumaa watafiti wa chai wanakuja. Wana miche mipya iliyokuzwa maabara, ndani ya chupa, haiogopi kiangazi. Watachagua shamba moja tu la kuijaribia: la mke wangu, au la Muchiri mwenye duka. Nyakerario anaitaka hiyo miche kuliko kitu chochote. Kiangazi cha mwaka jana kilimkaushia safu nne, akalia mchana kweupe. Sasa amepalilia wiki tatu.

Mpwa wangu Christabel, anayesomea mambo ya maabara chuo kikuu, yuko hapa likizo. Amenieleza mambo! Kumbe siku hizi wanatoa jeni, ile mbegu ya tabia, kwa kiumbe kimoja wanaiweka kwa kingine. Kuna mmea unang'aa gizani kwa sababu ya uyoga. Kuna bakteria wanaotengeneza dawa ya ugonjwa wa sukari. Nikauliza jeni inaingiaje kwa mmea. Akasema mara nyingi hubebwa na bakteria, nao hupitia kwenye kidonda.

Nikaweka kikombe chini. Kidonda! Sisi tunachuma kila wiki. Shamba lote ni vidonda.

Jumanne, 5 Agosti

Siku nzima naota nikiwa macho. Naona mlima mzima wa chai yangu. Majani yakiguswa na maji moto, chai inatoka na maziwa yake ndani. Na tangawizi. Hakuna kukamua, hakuna kukimbilia paketi dukani. Muchiri anakuja, kofia mkononi, anaomba mche mmoja tu. Namnyima kwa upole.

Bakteria nitatoa wapi? Nikafungua kabati. Maziwa lala, yaliyoganda, lita tano! Bakteria wamejaa humo mpaka wanasukuma kifuniko. Na maziwa wanayo tayari. Mungu akipanga, amepanga. Nikatwanga tangawizi, nikaichanganya humo.

Nikamuuliza Christabel, kwa ujanja, kama kidonda kibichi ni bora. Akasema ndiyo, lakini lazima kwanza jeni iwekwe ndani ya bakteria, na hiyo ni kazi ya miezi. Vijana wa siku hizi wanapenda kuchelewesha mambo.

Jumatano, 6 Agosti

Nyakerario amechuma safu tatu za juu, zile nzuri, akapeleka majani kituo cha kununulia chai. Nikabaki na ndoo yangu ya maziwa. Kila mahali palipotoka majani mawili na chipukizi, nikapaka kwa brashi ya chokaa. Safu tatu nzima! Mgongo umekwisha. Lakini mawingu yalipita chini, karibu niyashike, nikajisikia kama mtu aliyepata mtoto.

Muchiri akachungulia juu ya ua. Akauliza kama napaka chai rangi. Nikamwambia angoje Ijumaa. Akasema Ngai, yaani Mungu wangu, akaondoka akitikisa kichwa. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Jua kali. Harufu kidogo. Nzi kidogo. Sawa, nzi wengi. Mbwa watatu wa Muchiri wanalamba safu ya pili. Dalili nzuri! Mbwa halambi chai ya kawaida.

Nyakerario akauliza harufu inatoka wapi. Nikasema labda ni choo cha Muchiri. Mungu anisamehe. Akaenda kumuuliza! Muchiri akamweleza habari ya brashi.

Aliyoyasema sitayaandika. Alipomaliza, alichuchumaa kwenye safu akaanza kufuta vichaka kwa leso yake, kimoja kimoja. Nikaenda kusaidia. Akaniambia nisiguse. Afadhali angenipigia kelele.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamefika saa tatu. Kiongozi wao ni Daktari Wanjuhi, mama mpole wa miwani. Alivuta pumzi mara moja tu, akasimama. Nikamweleza uvumbuzi wangu kabla Nyakerario hajanifikia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema wazo lenyewe si la kuchekwa, ila mimi nimeosha chai kwa maziwa yaliyochacha, basi. Akasema pia kwamba katika shamba hili, mche ukinyauka, hatajua kama ni kiangazi au ni mimi. Miche ikaenda kwa Muchiri.

Nyakerario hakulia. Aliwapikia chai, akawatolea viti. Kabla ya kuondoka daktari alizunguka safu za chini, ambazo sikuzipaka, akakawia huko. Akarudi na miche miwili iliyobaki garini. Akampa mke wangu aitunze mwenyewe, akisema palizi kama hiyo hajaiona popote.

Jioni Nyakerario aliniita kwa jina langu, Omariba. Si Baba Kebaso. Omariba! Akasema miche hii miwili ikifa, anahamia kwa dada yake Fort Ternan akalime miwa, mimi nibaki na mbwa. Hakuwa anatania. Nimeapa kwa Biblia kwamba tone la maziwa halitaikaribia. Nimeapa kwa moyo wote. Nampenda huyu mama, na leo nimeogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa, mvua ya mawe. Dakika kumi tu, chai ya kijiji kizima imetobolewa. Miche yetu miwili iko salama chini ya nailoni. Nyakerario amekimbia kumsaidia Muchiri kuokoa yake, ana roho huyo mama. Mimi nimeachwa mlinzi.

Nikamwona kuku wetu akitoka uani. Alinyeshewa yote, hana hata alama! Amejikung'uta tu, akaendelea na safari.

Nikaona akilini shamba lote limeota manyoya laini ya kijani. Mawe yanaanguka, yanadunda, yanateleza chini. Upepo unapita, manyoya yanajipanga upya. Nyakerario yuko katikati anachuma, anacheka, na hana habari na Fort Ternan.

Kiapo ni kiapo. Maziwa sijagusa. Nimefunua nailoni kidogo, nikakwaruza shina kwa ukucha, kidonda kidogo sana, nikakifunga na unyoya mmoja wa yule kuku ndani yake. Mche mmoja tu. Halafu na ule mwingine, usijisikie vibaya.