Moto wa Kijani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Julai 1988, Kitale

Agneta ameenda kwao Sirisia. Nguo zote amebeba! Ati hawezi kulala na mwanaume anayenuka mafuta ya taa. Si mafuta ya taa, nimemwambia, ni utafiti. Ni mafuta ya ndege ya jeti! Akasema nikitaka mke nimfuate mikono mitupu, bila hata chupa moja. Nimekula ugali na chumvi.

Jumanne, 5 Julai

Kiptanui, mwalimu wa fizikia, amenicheka mbele ya walimu wote. Ati mimi kazi yangu ni kuosha chupa za maabara, mambo ya jeti nitayajulia wapi? Shenzi. Hajasoma gazeti la zamani nililosoma mimi. Wazungu walitia madini ya boroni kwenye mafuta, nguvu ikaongezeka ajabu, kisha wakaacha kwa sababu injini ziliziba. Hawakuwa na subira, basi! Boroni iko hapa hapa mjini. Dukani kwa Jagdish inauzwa kama dawa ya mende. Jagdish aliponiona nabeba makopo sita alinipa pole.

Alhamisi, 7 Julai

Ushindi! Mafuta ya taa, pombe ya chang'aa kali kutoka Misikhu, dawa ya mende. Tone moja kwenye kizibo cha soda, kiberiti, na moto ukatoka kijani. Kijani kabisa! Machozi yalinitoka. Nikaita majirani waone. Wakafunga milango.

Ijumaa, 8 Julai

Nina mpango. Kesho naenda Sirisia na jerikeni moja. Baba mkwe zamani alifagia kiwanja cha ndege, kwa hivyo mambo haya anayaelewa. Akiona moto ule, atamwamuru binti yake arudi kwa mume mwenye akili. Ile mikono mitupu ilikuwa hasira tu.

Jumapili, 10 Julai, Sirisia

Nimekwisha. Naandika nikiwa kwenye banda la ng'ombe, hakuna anayenisemesha.

Jana nilimkuta mama mkwe peke yake, wengine wote wako sokoni. Sasa kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Kushikana mkono ni aibu, hata kutazamana. Nikaonyesha adabu. Nikaweka jerikeni mlangoni, nikaenda kusimama mbali kwenye mipera. Maskini mama! Akadhani mkwe ameleta zawadi ya mafuta ya taa. Akaibeba jikoni, akajaza stovu, amchemshie mgeni chai.

Ningemwambiaje? Mtoto wa kutuma hakuna. Nikakaribia nikiita Agneta, Agneta! Mama kusikia sauti yangu iko karibu, akafunga mlango kwa heshima na kuharakisha kuwasha kiberiti.

Puu! Paa la nyasi likainuka. Nikavunja mlango, nikaingia, nikatoka. Nyuma yangu akaingia jirani, Hawo, anayeuza mitumba, akamtoa mama. Nyusi zimeungua, mkono umebabuka. Daktari amesema atapona.

Wazee wakakaa kusikiliza kesi. Agneta aliuliza jambo moja tu: mbona nilitoka na jerikeni nikamwacha mama yake? Nikamweleza polepole. Kumshika mama mkwe mila inanikataza. Kushika jerikeni hainikatazi. Niliona nimejibu vizuri sana. Mzee mmoja akasema mila haikuagiza mtu aungue. Agneta alinitazama, hakulia. Afadhali angelia, bana. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 12 Julai, Kitale

Kaka yake amekuja na pikapu kuchukua cherehani ya dada yake. Ati Agneta amesema nisikanyage Sirisia tena maisha yangu yote. Nikamwuliza kama lile paa lilifika juu ya mipera au lilipita. Akaendelea kupakia cherehani. Nilimsaidia kufunga kamba, gari likaondoka.

Nimelia, sitaficha. Nimekaa sakafuni hadi miguu ikafa ganzi. Miaka yote ile tumeishi, na chumba kumbe ni kikubwa hivi. Nimepima pale cherehani ilipokuwa. Pipa zima la mafuta linatoshea.