Kikopo Changu cha Makohozi Kimekataliwa Mara Tatu

Kwa Mkuu wa Maabara,
Zahanati ya mtaani kwetu, Likoni.

Bwana Mkuu,

Assalaam aleikum; na kama u Mkristo, pokea hujambo yangu kwa moyo uleule. Mimi ni Bi Mwanarehema, muimbishaji wa vugo, ngoma yetu ya wanawake arusini. Kifua kimenibana wiki ya pili sasa, daktari ashuku kichomi, na Jumamosi twamuoza mjukuu wangu Salha. Bila sauti yangu arusi ile itakuwa matanga! Lakini dawa sipewi mpaka mpime makohozi yangu, nanyi mwayakataa. Wallahi nimedhalilika.

1. Kikopo cha kwanza nilikifukiza udi, nisije nikawapa watu chombo kinachonuka. Purity wenu wa dirishani akasema kimeharibika. Udi ule ni wa Ladu, udi wa ghali, bwana!

2. Cha pili akasema ni mate matupu, yeye ataka ya chini kabisa, ya mapafuni. Bwana Mkuu, mimi nimelelewa. Nikikohoa, nakohoa juujuu, leso mdomoni. Hayo ya chini sijui hata kama ninayo.

3. Cha tatu nilikitia halua, maana kwetu hatumrudishii mtu chombo kitupu. Purity akaandika: si makohozi. Halua yenyewe haijarudi mpaka leo.

4. Juzi nikachoka. Nikaazima makohozi ya mume wangu Mansur, mzima wa afya, hajakanyaga hospitali tangu azaliwe, akohoa mpaka kuku wakimbia. Mkayapokea kwa mikono miwili! Kipimo gani hicho, kinachomkataa mgonjwa kikamshangilia mzima?

Kwa hivyo naomba vikopo vipigwe marufuku, Likoni hadi Kisauni. Mgonjwa atazamwe uso, apewe dawa. Naye Purity aje kunitaka radhi, na sinia la mahamri kichwani.

Nisalimie wauguzi, bawabu, na Purity pia, japo kidogo.

Akutakiaye kifua kizima,
Bi Mwanarehema

Tanbihi: Sijafunga bahasha, majibu yameletwa: kichomi kikali, kwa jina langu. Makohozi ni ya Mansur! Nimemgusa, mwili wawaka moto, naye bado ang'ang'ania ni vumbi tu. Namleta sasa hivi kwa tuktuk, apende asipende. Mpokeeni, bwana, arusi bila yeye siitaki. Na kikopo changu hiki hapa. Nimekohoa hadi chini, mtaa mzima umesikia. Hakina udi.