Pingamizi Langu Juu ya Kijiji Kisichofikiwa na Basi

Kwa Mama Agape,
Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya binti yangu Felisia,
Umoja wa Watanzania, Brussels.

Salamu nyingi mama, na pole na vikao. Mimi Mzee Barnaba wa Anderlecht, ghorofa ya saba, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa hana jipya. Naomba kamati isimamishe vikao vyote. Sababu ninazo.

Desturi unaijua: kabla ya kutoa binti, ukoo wa mwenzio unachunguzwa. Nilimtaka huyu mchumba wake, Daktari Sudhakar, Mhindi anayesomea kule chuo cha Woluwe, aniletee habari za watu wa kwao. Nikangoja majina ya babu zake, nani mlevi, nani alikufa na nini. Yeye kaniletea karatasi ya serikali yao yenye takwimu za kijiji chao. Basi nimeisoma yote, na malalamiko ni haya:

1. Kijiji kina watu 1,846. Mazishi ya baba yangu yalikuwa na watu zaidi ya hao, tena mvua inanyesha. Halafu Sudhakar mwenyewe yumo kwenye hesabu hiyo, na mimi namwona hapa kila Jumapili akimaliza ugali wangu. Karatasi ina uongo tangu mstari wa kwanza.

2. Watoto chini ya miaka sita wamehesabiwa peke yao. Wasiojua kusoma nao wamehesabiwa, hao sina neno nao, tutaelewana. Wazee hawana hata mstari. Sasa mimi nikifika nitapokewa na nani, na hao watoto?

3. Hili ndilo kubwa. Basi: lipo kilomita tano hadi kumi. Stesheni: zaidi ya kilomita kumi. Mama, mambo ya usafiri mimi sifundishwi. Nilishika bendera ya kijani stesheni ya Tabora, na hakuna treni iliyothubutu kuondoka kabla sijainua mkono. Hata hapa, nikishuka tu, metro namba tano inakuja yenyewe kama iliyoniona. Sasa mkwe ni mtu wa kuzikana naye. Wakifiwa, kwa goti langu hili, nitafika matanga yameshaanuliwa.

4. Na maharusi wanataka kuhamia huko. Si kutembea, kuhamia. Felisia ndiye niliyebaki naye tangu mama yake atangulie. Nilimwuliza, ukishikwa na uchungu wa kuzaa mahali hapana basi wala daktari, utafanyaje? Akaniangalia kama manesi wenzake wanavyomwangalia mgonjwa, akasema, "Baba, ndiyo maana tunakwenda." Hilo si jibu. Nimelifikiria sana na bado nasema si jibu.

5. Kwa hiyo kamati iuandikie ubalozi wa India uchague moja: wasogeze stesheni au wasogeze kijiji. Mimi si mtu mgumu, lolote nitalipokea. Mpaka hapo sare zisishonwe, na mshereheshaji aambiwe anyamaze.

Nisalimie wanakamati wote, na mumeo, na hata Otieno, ingawa anajua alichonifanyia kwenye bao.

Ni mimi nisiyeyumba,
Mzee Barnaba,
Mshika Bendera Mstaafu.

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, Sudhakar akaja na ujumbe wa baba yake. Mzee huyo naye alidai karatasi ya kijiji changu, akaambiwa haipo. Sasa na yeye anapinga harusi. Anasema mtu ambaye kijiji chake hakuna aliyekihesabu, na kutoka stesheni ya Tabora ni mwendo wa kutwa kwa miguu, hana mdomo wa kusema habari za basi. Mama, huyo mtu ni mkaidi, mjuaji, na anajisifu mno. Vikao viendelee, tena upesi, na siku maharusi wanahama mimi niwe nao ndege moja, nikamjibu uso kwa uso. Kilomita kumi si kitu kwa mtu mwenye hasira.