Katibu Mkuu wa Shirikisho la Bunduki za Vidonge

Safwan hakupata kufanya kazi iliyomtoa jasho, na hilo alijivunia kama wengine wanavyojivunia shahada. Asubuhi hiyo alikuwa mkahawani Al Khuwair, Maskati, anakunywa chai ya karaki, ya maziwa na hiliki, kwa raha zake, aliposikia meza ya pili msichana analalamika.

"Bunduki zenyewe za kuchezea, zinatoa vidonge vya plastiki! Lakini kila tukizibeba garini roho juu. Hakuna kanuni, hakuna wa kutusemea. Tusipopata kibali kabla ya baridi kuingia, na ndio msimu wa mchezo, timu yetu ndiyo basi tena."

Alikuwa Manal, nahodha wa wachezaji thelathini wa eyasofti, mchezo wa kuwindana kwa bunduki hizo. Safwan akaweka kikombe chini. Bunduki thelathini za ghali, na kuna jamaa Dubai anazitaka hata leo! Mola akupe nini tena?

"Dada yangu, samahani. Mie Safwan, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Eyasofti. Nyinyi tunakutafuteni kwa taa!"

Shirikisho lenyewe lilikuwa na umri wa nusu dakika. Kufika alasiri lilikuwa na muhuri, uliochongwa sokoni Matrah.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, bunduki zilipangwa juu ya zulia nyumbani kwa kina Manal, Madinat Sultan Qaboos.

"Nazichukua leo nikaziandikishe," akasema Safwan. "Keshokutwa zinarudi, kila moja na kibali chake."

Manal machozi yakamlenga kwa furaha. Maskini, alimuamini.

Hapo akaingia bibi yake, Bi Masouda, aliyekuwa karani wa serikali miaka thelathini, kashika dele la kahawa. Akamtazama mgeni juu mpaka chini.

"Wewe mtoto wa nani?"

Safwan alilingojea swali hilo. Wazanzibari wa Maskati wakishakupatia ukoo, funguo za nyumba ni zako.

"Watu wa Unguja, bibi. Mjini."

"Mjini wapi? Usinambie Kokoni! Sura hiyo... Wewe si wa Bi Ghadeer, yule mshona kofia, mwenye jicho moja dogo?"

Mlango umefunguliwa, Safwan akaingia na viatu vyake. "Bibi yangu mzaa mama huyo! Allah amrehemu."

Bi Masouda akamkumbatia, akalia, akampiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Kisha akafuta macho. "Basi mjukuu wetu hahangaiki peke yake. Hamood! Bunduki zipakie garini kwako. Kesho saa mbili mwende ofisini pamoja."

Hamood, mpwa wake, kifua kama kabati, akatabasamu. "Tayari, binamu?"

Mwerevu hajinyoi. Wiki tatu Safwan alikimbizwa madirisha ya ofisi za serikali Al Khuwair: la nne likimtuma la saba, la saba likimrudisha la nne, na Hamood pembeni. Akizima simu, jamaa wa ukoo wanabisha hodi na sufuria ya pilau: "Binamu anaumwa?" Ikabidi aandike kanuni kweli: miwani lazima, bunduki zisafirishwe mikobani, barabarani zisionekane. Na siku mkubwa wa ofisi alipokunja uso, ulimi wa Safwan ukafanya kazi ya halali kwa mara ya kwanza.

"Bwana mkubwa, hawa wanamichezo, si wahalifu. Wapeni kanuni ya haki, muone kama hawaifuati."

Mkubwa akatia saini. Safwan alitoka na kibali mkononi, kanzu imelowa jasho, na ajabu ya Mungu, alikuwa na furaha.

Manal alipokiona kibali alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Safwan akaona haya. Akamvuta Bi Masouda pembeni.

"Bibi, nna neno. Mie si mjukuu wa Bi Ghadeer."

"Najua, baba. Hakuna Bi Ghadeer. Nilimzua palepale kukupima, yeye na jicho lake."

"Na Hamood? Na wale wa pilau?"

"Wote wanajua. Ofisi zile nazijua mie. Zinataka mtu mwenye ulimi mrefu na asiye na kazi."

Bi Masouda akammiminia kahawa, akamtilia bahasha kwapani.

"Hii ya kuomba uwanja. Kesho saa mbili, Katibu Mkuu. Hamood hana nafasi, utakwenda peke yako."

Kesho yake, saa mbili kasorobo, Safwan alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni.